Mavumbi ya Gurudumu la Kushoto

Shefu wa atelye, karakana ya shule yetu, hakupenda motoka safi. Ukimpitishia gari linalong'aa alikunja uso kama mtu aliyepewa gazeti lisilo na maandishi. "Hii baliiosha juu ya nini? Sasa minye nitasoma nini?" Alisema hivyo mbele ya mwenye gari, bila haya, hata kama mwenye gari alikuwa prefe, mkuu wa shule yetu ya ufundi hapa Likasi.

Naanzia hapo makusudi. Mimi, binti aliyekuwa mwanafunzi wake kwa miaka minne, ndiye niliyeosha motoka ambayo haikutakiwa kuguswa hata kwa kidole. Niliiosha vizuri, kwa sabuni na maji mawili, kisha nikafunga mdomo, na mtu mwingine akabeba lawama yangu. Nitafika huko, sikimbii. Lakini kwanza mumjue mwenyewe alivyokuwa, maana bila kumjua mtasema, motoka kuoshwa, na hiyo nayo ni kesi?

Alikuwa fundi wa mabati kwenye karakana kubwa ya mgodi kabla ya kuja kutufundisha. Ukimwita Prof haitikii. "Prof iko mu classe na chaki," alisema. "Minye niko na nyundo." Basi tukamwita Shefu. Kabla ya kufungua atelye alibisha mlango mara mbili kwa ngumi, eti mashine zisishtuke. Jioni alifunga kufuli, akalivuta, akaenda hatua kumi, akarudi kulivuta tena. Tulikuwa tunamngoja njiani tukicheka, na yeye anajua tunacheka, na bado anarudi.

Bati aliliongelesha kwa upole. "Geuka, mama. Doucement, polepole. Aksanti." Sisi tulipata makelele. Siku moja nilipiga riveti la kuungia bati kwa hasira likapinda, na aliniita mbele ya darasa zima: "Weye! Bati ilikukosea nini? Iko na deni yako? Omba bati musamaha!" Niliomba. Mungu ananiona, nilisimama mbele ya kipande cha alumini nikasema pardon, na darasa likafa kwa kicheko. Yeye hakucheka. Alingoja nimalize, akanipa riveti jingine.

Watu wa kanisani kwake walimheshimu, maana alikuwa mzee wa kanisa. Lakini walipotaka kuja kuombea motoka tuliyokuwa tunaiunda aliwazuia mlangoni. "Mungu hafungake riveti," aliwaambia. "Ngojeni tufunge kwanza, kisha tuombe." Mama mmoja alikasirika, akasema huyu mzee ana kiburi. Jumapili hiyo hiyo, baada ya ibada, Shefu alienda na suti yake kusimama kando ya barabara ya Buluo, malori ya madini yanapita, suti inageuka nyekundu, yeye amechuchumaa anatazama mavumbi yanavyojikunja nyuma ya magurudumu. Mke wake ndiye aliyefua ile suti kila Jumapili, na sijui alikuwa anasema nini moyoni.

Kitu kimoja hamtaamini. Mtu huyu, aliyetumia maisha yake ya uzeeni kutafuta motoka iende mbio, alikuwa anaogopa mbio. Hakupanda pikipiki hata siku moja. Ndani ya taksi alishika mlango kwa mikono miwili na kufumba macho. Alitembea kwa miguu kutoka kwake mpaka shule, asubuhi na jioni, mvua na kiangazi. Nilimuuliza sababu. "Minye najua upepo inafanyaka nini pale chini," alinijibu. "Weye haujue, njo maana unapandaka."

Sasa hiyo motoka. Ilikuwa na magurudumu matatu ya pikipiki, mawili mbele na moja nyuma, na paneli za jua mgongoni. Jua likiwa utosini kabisa, paneli zote zilitupa nguvu ya kutosha pasi moja ya umeme, si zaidi. Kwa nguvu ya pasi umbebe mtu kutoka Likasi mpaka Lubumbashi! Kila kitu kilichovuta motoka nyuma kilikuwa adui, na adui mkubwa alikuwa upepo.

Sisi tulihangaika na mwili wa motoka, tukausugua mpaka mikono ikachubuka. Shefu hakuutazama. Alichuchumaa kwenye magurudumu. "Mwili inapasua mupepo mara moja, inapita," alituelezea, akizungusha gurudumu kwa kiganja. "Lakini hii, angalieni. Huku chini imegusa barabara, iko kama imesimama. Huku juu inakimbia kushinda motoka yenyewe. Inapiga mupepo, inauzungusha, inautupa huku na huku. Jua inatupa nguvu, gurudumu inaiba."

Kwa hiyo kila gurudumu tulilivika kifuniko cha alumini kilichokaribia kugusa chini, chembamba nyuma kama mkia wa samaki. Cha nyuma kilikuwa kazi ya siku chache. Vya mbele vilitula miezi, kwa sababu magurudumu ya mbele yanakata kona, na fimbo ya usukani inapita ndani ya kifuniko kwa tundu. Tundu lile tuliliziba kwa kiraka cha mpira wa ndani wa baiskeli, ili fimbo icheze na upepo usipite. Kisha ikaja shida ya nafasi kati ya mpira na bati. Ukiacha kubwa, upepo unaingia kucheza. Ukiacha ndogo, kokoto moja inakwama na gurudumu linafunga ghafla, motoka ikiwa mbioni. Na dereva nilikuwa mimi, kwa kuwa nilikuwa mwepesi kuliko wote darasani. Kwa hiyo mnaelewa nafasi ile niliipima kwa roho yangu.

Hatukuwa na mashine ya kupima upepo. Shefu alikuwa na oili chafu ya injini na barabara ya Kakontwe. Alipaka oili nyembamba kwenye vifuniko na tumboni mwa motoka, mimi nikaendesha kwenye mavumbi, chokaa ya machimbo ikichanganyika na udongo mwekundu, nikarudi. Hapo alianza kusoma. Palipopita upepo mzuri, mavumbi yalilala mistari iliyonyooka. Palipokuwa na upepo unaozunguka, yaliganda mafungu mafungu. Alipiga magoti akanusa karibu na bati, akaenda upande wa pili, akarudi. Halafu alichora yote kwenye katoni kwa penseli, mstari kwa mstari, na baada ya hapo tu ndipo tuliruhusiwa kushika kitambaa. "Usome, uandike, upanguse," alituimbisha. "Ukipangusa mbele ya kuandika, umeua muntu."

Sheria hiyo niliijua. Naomba mkumbuke kwamba niliijua.

Upande wa pili wa uwanja alikuwepo sentinelle, mlinzi wa lango la shule. Kila siku saa sita mchana, Shefu na sentinelle walicheza dama kwenye ubao waliouchora kwa msumari, kwa vizibo vya chupa. Walicheza miaka yote niliyokuwa pale, na sikuwasikia wakizungumza zaidi ya maneno matano. "Kula." "Nimekula." "Unaiba." "Siibi." "Cheza." Shefu, ambaye hakuvumilia mtu kumgusia koleo zake, alimwachia sentinelle ufunguo wa akiba wa atelye. Hakuwa amempa prefe. Alimpa sentinelle, na ufunguo mwingine akanipa mimi, dereva.

Prefe alitaka kuifunga atelye. Mashine zinakula umeme, alisema, wanafunzi wanapungua, na kuna mtu anatafuta depo ya kuweka mifuko ya simenti. Shefu alikwenda ofisini kwake mara tatu. Mara ya tatu walikubaliana mbele ya walimu wote: wageni watatu wa idara ya elimu wangekuja kutoka Lubumbashi siku ya Jumatatu kuiona motoka, na Jumanne tungeondoka jua likichomoza. Tukifika langoni mwa Lubumbashi kabla jua halijazama, kwa nguvu ya jua tu, atelye inabaki. Tusipofika, simenti inaingia. Shefu alirudi kutoka ofisini akakaa kwenye benchi lake, mikono juu ya magoti. "Bon," alisema. "Motoka itatusemea."

Jumamosi tulifanya jaribio la mwisho. Niliiona shida mimi mwenyewe nikiwa kwenye usukani: motoka ilivuta kushoto, kidogo tu, kama mtu anayekuvuta nguo kwa nyuma. Nilimwambia Shefu, na macho yalimtoka. "Kushoto? Usiguse kitu." Nilimwacha amechuchumaa kwenye gurudumu la kushoto, nikaenda kumsaidia mama sokoni. Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba dakika chache baada ya mimi kuondoka, simu iliita: jirani yake amefariki. Kwetu mtu haachi kilio aseme niko na kazi. Shefu alifunga mlango, akavuta kufuli mara mbili, akaenda. Hakuwa amechora hata mstari mmoja.

Jumapili baada ya misa nilipita shuleni. Sentinelle hakuwepo, yuko kanisani kwake. Nilifungua kwa ufunguo wangu. Juu ya benchi nilikuta katoni, imechorwa gurudumu la kushoto, na penseli juu yake. Nikasema, ameshaandika. Ulikuwa mchoro wa Alhamisi! Tarehe ilikuwa imeandikwa pembeni, ndogo, na mimi sikuangalia. Niliangalia motoka. Jamani, ilikuwa inatia aibu. Oili nyeusi, mavumbi yameganda, mikono ya watu imejichapa kila mahali. Na kesho yake wageni.

Mama yangu ni mtu wa Kasai. Nyumbani kwetu wageni wakisikika tu kwamba wako njiani, kila kitu kinaoshwa: viti, sufuria, ukuta, watoto. Nilikua nikijua kwamba mgeni akikuta uchafu ameona moyo wako. Nikawaza, watakuja hawa wakubwa, wataona takataka hii, wataandika nini kwenye daftari zao? Nikachukua ndoo ya sentinelle bombani, na kitambaa chake, na sabuni. Niliosha nikiimba. Upande wa kushoto ulinisumbua, kulikuwa na mahali palipokataa kutoka, nikasugua mpaka kidole kikaniuma. Nilipomaliza, motoka iling'aa kiasi cha kujiona uso. Kitambaa nilikianika kwenye kiti cha sentinelle.

Jumatatu asubuhi nilifika mapema nikitegemea sifa. Nilimkuta Shefu amesimama mbele ya motoka, kofia mkononi, katoni tupu na penseli chini miguuni pake. Hakuwa anapiga kelele. Kelele zake nilizizoea, ningejua pa kujificha. Alinyoosha kidole kimoja, akagusa kifuniko cha kushoto, akanusa kidole. Sabuni.

"Nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa, kwa kuiona ile katoni isiyo na mstari hata mmoja. Kabla sijajibu, Shefu aligeuka, akaona kitambaa juu ya kiti langoni, na akatembea kwenda huko. Nilimfuata. Sijui nilimfuata kufanya nini.

"Weye," alimwambia sentinelle.

"Minye nini, Shefu?"

"Kitambaa ni ya nani?"

"Iko yangu."

"Ndoo?"

"Iko yangu. Lakini shikugusa motoka, Shefu."

"Uko na ufunguo."

"Niko nayo. Shikugusa."

"Miaka yote hii unaniona nasoma. Unajua!"

"Shefu, shikugusa."

Mara tatu alisema. Nilikuwa nimesimama hatua tatu nyuma ya Shefu, helmeti mkononi. Nilifungua mdomo, nawaapia nilifungua. Na hapo honi ikalia, gari la wageni likaingia, prefe akatoka ofisini mbio akipiga makofi. "Aah, voilà! Angalia vile inang'aa! Nani aliosha? Bravo!" Wageni wakacheka kwa furaha, mmoja akapiga picha. Nilifunga mdomo. Ningeweza kuufungua saa moja baadaye, au saa sita, au jioni. Nilisema moyoni, kesho tukifika nitamwambia, furaha itakuwa nyingi, atanisamehe. Hivyo ndivyo mwoga anavyojipangia.

Saa sita siku hiyo, Shefu hakwenda kucheza dama. Alikuwa chini ya gurudumu la kushoto, anabahatisha. Hapakuwa na jaribio jingine, kwa sababu betri, iliyojazwa na jua, lazima ikae imejaa mpaka kesho. Alipunguza nafasi ya chini, akairudisha, akaipunguza tena. Mtu aliyetufundisha kutokubahatisha kamwe, nilimsikia anamnong'oneza bati: "Niambie, mama. Niambie uko unapumulia wapi."

Jumanne tuliondoka jua likichungulia. Shefu alikaa kwenye gari la prefe nyuma yangu, dirisha wazi, simu kwenye sikio, nami simu yangu ndani ya helmeti. Asubuhi ilikwenda vizuri mno, hata nikaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Malori yalinipita na kunitikisa. Watu wa makaa kando ya barabara walisimama wakishangilia kile kitu chembamba kisicho na sauti. Tulipita Lwisha jua likiwa utosini, na mshale wa betri ulikuwa bado mahali pazuri.

Baada ya hapo upepo wa kiangazi ukaanza kutupiga ubavuni, na ule mkono ukarudi kunivuta nguo.

"Shefu, kushoto."

"Sana?"

"Sana kushinda Jumamosi."

Nilisikia anapumua. "Ningekuwa nilisoma," alisema, kama anazungumza peke yake. "Ningekuwa nilisoma, mama. Bon. Doucement ku kilima."

Ningemwambia hapo. Simu yake ilikuwa sikioni, na yangu sentimita mbili kutoka mdomoni. Badala yake niliukaza usukani na kutazama mshale ukishuka. Ulishuka kwa kila kilima, na kila mteremko ulirudisha kidogo tu. Jua lilianza kugeuka rangi. Kwenye kilima cha mwisho, Lubumbashi ikiwa upande wa pili, motoka ilipunguza, ikapunguza, ikasimama. Nilibaki ndani nimeshika usukani.

Shefu alishuka akaja kwa miguu. Hakunitazama kwanza. Alipiga magoti kwenye lami, akaweka kiganja kwenye kifuniko cha kushoto kama unavyompima mtoto homa, akakaa hivyo mpaka jua likazama. Kisha alisimama akanipapasa helmeti. "Uliendesha muzuri, mama. Haiko kosa yako."

We acha tu. Angenipiga makofi ningelala usingizi usiku ule.

Simenti iliingia atelye muhula uliofuata. Paneli zilipelekwa kwenye paa la ofisi ya prefe. Shefu aliondoka shuleni, akachukua vifuniko viwili vya mbele kwenye mkokoteni akaenda navyo kwake. Langoni alipita bila kumsalimia sentinelle, na sentinelle hakumsalimia. Baadaye nilisikia naye ameacha lango, amehamia Kamatanda, anauza maji kwa wachimbaji. Ule ubao wao wa dama sijui ulikwenda na nani.

Miaka ikapita. Mimi nikawa fundi wa kupachika paneli za jua, nikapata pikipiki yangu, watu wananiita Mama Jua. Nilimwona Shefu mjini mara nyingi, na kila nikimwona nilikata kona nyingine. Nilijifanya nina haraka. Eti haraka!

Juzi nilikuwa juu ya paa la mteja huko Kamatanda. Nikainua kichwa kupumzika, nikamwona sentinelle kwenye uwanja wa nyumba ya pili. Amezeeka. Mbele yake ule ubao, na vizibo, na hapakuwa na mtu upande wa pili. Anasogeza kizibo kimoja, anazungusha ubao, anasogeza cha upande wa pili, anazungusha tena. Nilimtazama mpaka mteja akaniita kuuliza kama nimeumwa na kitu. Nilimaliza kazi yangu, nikawasha pikipiki, sikwenda nyumbani.

Shefu alikuwa kwenye uwanja wake anatengeneza faneli ya bati. Nilimpigia odi. "Karibu, mama," alisema, akafurahi kweli. Sikukaa kwenye kiti alichonipa.

"Shefu, ile motoka sentinelle hakuosha. Ni minye."

Nyundo ilibaki juu. Kisha akaiweka chini polepole, akasimama, akazunguka nyuma ya nyumba. Nilisema, anakwenda kuchukua fimbo, na nitasimama hapa nipigwe. Alirudi na kifuniko cha gurudumu la kushoto. Akakilaza juu ya meza, akakileta karibu nami.

"Ulianza kupangusa wapi?"

"Shefu, naomba unisamehe, nilikuwa..."

"Nilikuuliza. Mukono yako ilianza wapi?"

Alinipa kitambaa chenye oili. Alichota mavumbi pale pale chini, akanimwagia kiganjani. "Nionyeshe vile ilikuwa."

Nilifikiri nimesahau. Lakini mkono haukuwa umesahau, ulikuwa umesugua sana. Mbele, mistari iliyonyooka. Nilichora kwa kidole. Chini, karibu na barabara, kidogo tu. Ubavu wa nje, kitu gani, hapakuwa na kitu. Kisha upande wa ndani, palipoingia fimbo ya usukani, kidole changu kilisimama. Hapa ndipo palipokataa kutoka.

"Hapa ilikuwa nyeusi, Shefu. Nyingi. Imefunguka kama ufagio."

"Inaangalia wapi?"

"Nyuma na juu."

"Na ya kuume? Ya kuume ilikuwa na ufagio?"

"Hapana. Kuume ilikuwa safi."

Aliinama. Kiraka cha mpira wa baiskeli kilikuwa bado pale, kimeshikwa na gundi, kizima kwa macho. "Nimeangalia hii miaka yote," alisema. "Iko nzima." Akaweka dole gumba kwenye ukingo wa juu wa kiraka, nyuma ya mkunjo, mahali ambapo jicho halifiki, akasukuma. Dole likaingia lote.

Alilitoa dole, akaliingiza tena.

"Kampira," alisema. "Kampira ka kinga, ka baiskeli tu. Dakika kumi na gundi."

"Shefu..."

"Ungesema ile asubuhi, ningekuuliza vile nimekuuliza leo. Vile vile tu. Ungenionyesha, ningefunga, tungefika." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Tungefika, mama, na jua ingali juu."

Nililia, sina haja ya kuficha. Hakunibembeleza. Alikuwa anatazama lile tundu, na baadaye aliuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Yeye alisema shikugusa mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Mara tatu." Alipangusa kidole chake kwenye suruali. "Minye nasoma mavumbi, na uso ya rafiki shikusoma. Eko wapi?"

"Kamatanda."

Aliingia ndani, akatoka amevaa koti la kanisani na kofia. Nilidhani ataanza kutembea, na nikaanza kufungua mdomo kumwambia ni mbali. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye pikipiki yangu, akapandisha mguu kwa shida, akakaa. Mikono yake ilinishika kiunoni kama alivyoshika mlango wa taksi. Niliondoka taratibu, gia namba moja, kwa heshima ya woga wake.

"Juu ya nini unaenda hivi?" alipiga kelele sikioni. "Enda mbio!"

Sentinelle alikuwa pale pale, na ubao wake. Alituona tunashuka, hakusimama. Shefu alifika karibu naye, akasimama mbele ya ubao. Nilisogea mbele mimi, kwa kuwa hatua tatu zile za langoni nilikuwa nadaiwa.

"Papa," nilisema, "ile motoka ya shule, ni minye niliosha. Na kitambaa, ni minye niliiweka ku kiti yako."

Alinitazama bila hasira, kama mtu anayesomewa habari ya mji mwingine.

"Minye unaniambia ya nini?" alisema. "Minye nilijua shikuosha. Mwambie yeye."

"Ameniambia," alisema Shefu.

"Basi njo weye useme."

Shefu alivua kofia. Nilirudi nikasimama karibu na pikipiki, nikawapa mgongo, na nyuma yangu nikasikia sauti ya mtu aliyenifundisha kumwomba bati musamaha, ikitafuta pa kuanzia.